George de Hevesy na swali la kipimo kipi PSA inapopanda tena

Msomaji wangu, wiki hii nakusimulia maisha ya mkemia mmoja wa Hungaria aliyefariki mwaka 1966. Kama una baba, mume au kaka aliyewahi kutibiwa saratani ya tezi dume, usifunue bado ukurasa wa michezo. Habari hii inamhusu.

Hali yenyewe huenda unaijua. Mzee alifanyiwa upasuaji, tezi ikatolewa yote, kidonda kikapona, akarudi kwenye shughuli zake. Kila baada ya miezi michache anapima damu, kile kipimo cha PSA, na majibu yanakuja karibu na sifuri. Halafu siku moja yanakuja 0.2, na miezi mitatu baadaye 0.4. Haumwi popote, anakula, analala. Lakini PSA hutengenezwa na seli za tezi dume, na yeye tezi hana tena. Maana yake kuna seli zilizobaki mahali fulani, nazo zinaongezeka. Kwa aliyetolewa tezi, madaktari huanza kuzungumzia kurudi kwa ugonjwa PSA ikifika 0.2 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi bila kutolewa tezi, ni pale inapopanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kukifikia.

Swali linalofuata ni moja: seli hizo ziko wapi? Zikiwa zimebaki pale tezi ilipokuwa, au kwenye tezi za limfu za nyonga, mara nyingi bado inawezekana kuzipiga mionzi kwa lengo la kuponya. Zikiwa zimefika mifupani, mpango ni mwingine. Hapo ndipo familia inapoanza kusikia majina: kipimo cha mifupa, CT, PET ya sukari, PET ya kolini, PET ya PSMA, kila kimoja na bei yake. Wanakuja kuniuliza kipi ni bora. Siwezi kulijibu vizuri swali hilo bila kukupeleka kwanza Manchester, Uingereza, mwaka 1911.

George de Hevesy alizaliwa Budapest tarehe 1 Agosti 1885, katika familia yenye mali, ya asili ya Kiyahudi lakini iliyokuwa imeingia Ukatoliki. Alipata shahada ya uzamivu Freiburg, Ujerumani, mwaka 1908, akapitia Zurich na Karlsruhe, kisha akajiunga na maabara ya Ernest Rutherford, mmoja wa wakubwa wa utafiti wa mionzi duniani. Rutherford alikuwa na mzigo uliomkera. Serikali ya Austria ilimpa mamia ya kilo za risasi, madini ya risasi, iliyotokana na mawe ya migodi yake ya urani. Ndani yake mlikuwa na kitu chenye mionzi kilichoitwa wakati ule radiamu D. Rutherford alikitaka kitu hicho, lakini ile risasi iliyokizunguka ilikuwa inameza mionzi yake. Akamkabidhi kijana huyo wa miaka 26 kazi ya kuvitenganisha.

Hevesy alijaribu kwa karibu miaka miwili. Aliyeyusha, alichuja, alichemsha, alitumia kila njia ya kikemia aliyoijua, na hakutenganisha hata chembe. Leo tunajua kwa nini. Radiamu D ni risasi yenyewe, aina nyingine ya atomu ya risasi, na kikemia hazitofautiani hata kidogo. Alikuwa anatumwa kutenganisha maji na maji.

Mtu mwingine angeandika ripoti ya kushindwa na kuomba kazi nyingine. Hevesy aligeuza swali. Kama hakuna njia ya kuitenganisha radiamu D na risasi, basi ukichanganya kiasi kidogo sana cha radiamu D kwenye risasi ya kawaida, itakwenda kila risasi inakokwenda, na mionzi yake itakuambia iko wapi na ni kiasi gani.

Wasomaji wangu wafugaji wataelewa upesi. Ukitaka kujua kundi limeingia pori gani, huhitaji kumfunga kengele kila ng'ombe. Unamfunga mmoja, lakini kwa masharti. Lazima awe ng'ombe anayefuata wenzake, si yule mkaidi anayejitenga. Kengele isiwe nzito kiasi cha kumbadilishia mwendo. Na sikio lako liweze kuisikia kutoka mbali. Naomba uishike kengele hii, tutaihitaji tukirudi kwenye kipimo cha mzee.

Kuna kisa cha siku zake za Manchester kinachosimuliwa sana. Hevesy alipanga kwenye nyumba ya kulala na kula, naye alishuku kwamba nyama iliyobaki ilikuwa inarudi mezani siku nyingine ikiwa imebadilishwa sura. Mama mwenye nyumba alikana katakata. Basi siku moja akatia kidogo ya kitu chenye mionzi kwenye mabaki ya sahani yake, na chakula cha siku nyingine kilipoandaliwa akakipima kwa chombo cha mionzi. Nyama ikajitaja yenyewe. Leo angefikishwa mahakamani kwa kutia mionzi kwenye chakula cha watu, na ingekuwa haki. Lakini wazo zima la vipimo vyetu vya tiba nyuklia limo humo: weka alama, acha kitu kiende zake, kisha nenda ukakitafute.

Mwaka 1913, akiwa Vienna pamoja na Friedrich Paneth, alilitumia wazo hilo kwa mara ya kwanza katika kemia. Vita Kuu ikapita, naye mwaka 1920 akahamia Copenhagen kwa Niels Bohr. Huko, yeye na Dirk Coster waligundua elementi mpya, hafniamu, mwaka 1923. Sifa hiyo peke yake ingewatosha wengi. Mimi navutiwa zaidi na kazi yake ndogo ya mwaka huohuo: aliweka mizizi ya mmea wa jamii ya kunde kwenye maji yenye risasi iliyotiwa alama, akafuata jinsi inavyopanda kutoka mizizini hadi majanini. Ilikuwa mara ya kwanza atomu yenye mionzi kufuatwa ndani ya kiumbe hai. Kwa binadamu asingeweza, kwani risasi ni sumu.

Mwaka 1926 alirudi Freiburg kuwa profesa, lakini Hitler alipoingia madarakani, mtu wa asili ya Kiyahudi hakuwa na usalama pale. Mwaka 1934 akarudi Copenhagen. Kipindi hiki ndicho kinachotuhusu sisi wagonjwa na madaktari. Mwanzoni alitumia maji mazito, yaliyokuwa yamegunduliwa Marekani muda mfupi kabla, na pamoja na Erich Hofer akapima maji unayokunywa hukaa mwilini muda gani kabla ya kutoka. Wakapata karibu wiki mbili kwa wastani. Halafu ukapatikana uwezo wa kutengeneza fosforasi yenye mionzi, na mwaka 1935 Hevesy na daktari Ole Chiewitz waliwalisha panya fosforasi hiyo.

Fosforasi ni sehemu ya mfupa. Wakati ule wengi waliuona mfupa wa mtu mzima kama jiwe: ukishajengwa, umejengwa. Panya walionyesha kitu kingine. Fosforasi mpya ilikuwa inaingia mifupani kila siku, na ya zamani inatoka. Mfupa wako unaosomea gazeti hili unabomolewa na kujengwa upya bila wewe kuhisi.

Sasa turudi kidogo kwa mzee na PSA yake. Kipimo cha mifupa atakachoandikiwa kinatembea katika njia hiyohiyo. Anadungwa dawa yenye asili ya fosforasi iliyofungwa kengele ya teknetiamu, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Dawa hukimbilia pale mfupa unapojengwa kwa kasi. Angalia vizuri maneno hayo. Haikimbilii saratani. Inakimbilia ukarabati wa mfupa. Saratani ikiuchokoza mfupa, mfupa hujibu, na jibu hilo ndilo linalong'aa. Lakini goti lenye baridi yabisi pia hung'aa, na ubavu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda hung'aa vilevile. Na chembe ndogo ya saratani ambayo mfupa haujaanza kuijibu haionekani. Ndiyo maana mzee mwenye PSA ya 0.4 akifanyiwa kipimo cha mifupa, mara nyingi kabisa kitarudi safi. Familia hufurahi. Mimi siwanyimi furaha, ila nawaeleza kwamba kipimo kimejibu swali ambalo hatukuwa tumeliuliza.

Hevesy alikuwa Copenhagen jeshi la Ujerumani lilipoingia Aprili 1940. Maabara ya Bohr ilikuwa inatunza medali za dhahabu za Nobel za wanafizikia wawili wa Ujerumani, Max von Laue na James Franck. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina yalichorwa kwenye medali. Hevesy alizitumbukiza katika mchanganyiko wa asidi mbili kali unaoweza kuyeyusha dhahabu, akaiweka chupa hiyo kwenye rafu kati ya chupa nyingine. Askari walipekua, wakapita. Mwaka 1943 yeye mwenyewe alikimbilia Sweden. Vita ilipokwisha, chupa ilikuwa bado pale. Dhahabu ikatolewa tena kutoka kwenye asidi, na medali zikatengenezwa upya. Tuzo yake mwenyewe, Nobel ya kemia ya mwaka 1943, ilikuwa ya kazi ile ya kutumia isotopu kama alama. Alikabidhiwa heshima hiyo mwaka 1944. Aliendelea na utafiti Stockholm, na akafariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966, akiwa na miaka 80. Mwaka 2001 mabaki yake yalihamishiwa Budapest.

Mashine ya PET hakuiona. Lakini ukimsimamisha leo mbele ya orodha ya vipimo anayopewa mzee wetu, naamini angeanza kuuliza jambo moja kabla ya kuuliza bei au ukubwa wa mashine: unafuata nini?

Maana katika kila dawa inayodungwa kabla ya PET kuna vitu viwili, ng'ombe na kengele. Kengele ni atomu yenye mionzi. Ng'ombe ni kile kilichoibeba, na ndicho kinachoamua dawa itakwenda wapi.

PET ya sukari ndiyo inayojulikana zaidi. Ng'ombe wake ni sukari, nayo huenda panapotumika sukari nyingi. Kwa saratani nyingi ni kipimo kizuri sana. Saratani ya tezi dume, hasa ikiwa changa na ya mwendo wa polepole, haili sukari kwa pupa. Kwa hiyo kwa mzee mwenye PSA ndogo, PET ya sukari ni kumfunga kengele ng'ombe wa kundi lingine. Ina nafasi yake pale ugonjwa unapokuwa umekomaa na kubadilika kuwa mkali. Nakuomba ulikumbuke hili, kwa sababu nimeona familia zikiuza mali kulipia PET bila mtu kuwaambia ni PET ya nini.

Baadaye ikaja kolini, kiini ambacho seli huhitaji ili kujenga ngozi yake ya nje. Seli zinazozaana huitumia kwa wingi. Marekani waliidhinisha kolini yenye kaboni 11 mwaka 2012. Ilikuwa hatua ya kweli, lakini ina mapungufu mawili. PSA ikiwa chini ya 1, kolini mara nyingi haioni kitu. Na kengele yake hupungua nusu kila dakika 20, hivyo inafaa tu kwa hospitali yenye mtambo wake wa kuitengeneza, palepale.

Mwaka 2016 ikaidhinishwa flusiklovini, ambayo ni asidi amino, yaani tofali la kujengea protini. Florini 18 iliyofungwa juu yake hupungua nusu kwa karibu dakika 110, kwa hiyo inaweza kusafirishwa kwa gari kutoka mji hadi mji. Uzuri wake mwingine ni kwamba haikimbilii haraka kwenye mkojo. Eneo la kidonda limepakana na kibofu, na kibofu kikijaa mwanga huficha jirani zake.

Halafu kuna PSMA, ambayo huenda ndiyo uliyoisikia. Hii haifuati chakula cha seli. PSMA ni protini iliyo juu ya seli za tezi dume, na seli za saratani hiyo kwa kawaida huwa nayo kwa wingi zaidi. Dawa hutengenezwa ili iinase protini hiyo kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Kengele yake inaweza kuwa galiamu 68, inayopungua nusu kila dakika 68, au florini 18. Marekani ilitoa idhini ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2020, na ya florini mwaka 2021.

Je, tofauti ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2019 watafiti wa Los Angeles walichukua wanaume 50 waliotolewa tezi, PSA zao kati ya 0.2 na 2.0, na kila mmoja akapigwa picha kwa flusiklovini na kwa PSMA. Flusiklovini ilionyesha ugonjwa kwa 13. PSMA ilionyesha kwa 28. Ukiingia ndani ya matokeo hayo, ushindi wa PSMA ulikuwa kwenye tezi za limfu na sehemu za mbali. Pale pale tezi ilipokuwa, karibu na kibofu, PSMA haikuizidi. Mimi nikiulizwa kwa mzee mwenye PSA ndogo baada ya upasuaji, na vyote viwili vikiwa vinapatikana, nitachagua PSMA. Lakini simdharau flusiklovini. Utafiti wa Atlanta uliochapishwa mwaka 2021, wenye wanaume 165, ulitumia picha zake kupanga mionzi, na baada ya miaka 3 ugonjwa ulikuwa haujarudi kwa asilimia 75.5, dhidi ya asilimia 63 kwa waliopangiwa kwa vipimo vya kawaida. Hilo ni jambo zaidi ya picha nzuri.

Hata PSMA ina mipaka yake. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, San Francisco na Los Angeles, wenye wanaume 635, uligundua mahali pa ugonjwa kwa asilimia 38 tu ya wale wenye PSA chini ya 0.5. Kwa wenye PSA ya 5 na zaidi ilikuwa asilimia 97. Soma tena ile 38. Yaani kati ya wazee 10 wenye PSA kama ya mzee wetu, 6 hivi watarudi na picha safi huku seli zikiwepo. Ni chache mno, kengele haisikiki bado.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mzee anapata picha safi, anaambiwa na jirani kwamba amepona, anaacha kliniki. Au daktari anasubiri PSA ipande ili picha ioneshe kitu, na miezi inapita. Mionzi ya kuokoa eneo la kidonda hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado ndogo, hasa chini ya 0.5. Kwa mgonjwa anayestahili tiba hiyo, picha safi ya PSMA si sababu ya kuiahirisha. Na wapo wengine, wenye umri mkubwa na PSA inayopanda taratibu sana, ambao hawahitaji haraka yoyote, hata PET yenyewe. Kasi ya kupanda inasema mengi, kwa hiyo majibu yote ya zamani, pamoja na tarehe zake, ni mali. Yawekeni kwenye faili moja.

Upande wa pili, si kila kinachong'aa ni saratani. Jina PSMA linadanganya kidogo, kwani protini hiyo ipo pia kwenye tezi za mate, tezi za machozi, figo na utumbo mwembamba. Vifundo vya neva tumboni hung'aa. Baadhi ya dawa za florini huacha vidoa kwenye mbavu ambavyo mara nyingi si chochote. Na saratani chache za tezi dume hazina PSMA kabisa, hizo huweza kupita kimya.

Mnapopanga safari ya kipimo, piga simu kwanza na uliza dawa gani itadungwa siku hiyo. Jibu la PET tu halitoshi. Nairobi kuna mashine za PET, mathalani katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wengi bado wanakwenda India. Kokote mwendako, mashine kuwepo ni jambo moja na dawa kupatikana siku yenu ni jambo lingine, kwa sababu dawa hizi haziwekwi akiba kwenye rafu. Galiamu hukamuliwa kutoka kwenye kifaa kidogo hapo hospitalini. Florini hutoka kwenye mtambo mkubwa, na mtambo ukiharibika asubuhi, safari yenu imeharibika pia.

Siku ya kipimo mzee anywe maji ya kutosha na akojoe kabla ya kupigwa picha. Kama ni PET ya sukari na ana kisukari, aseme mapema, kwani atapewa maelekezo ya kula na ya dawa zake. Mionzi iliyobaki mwilini ni kidogo na inaisha haraka, lakini kwa saa chache asimpakate mjukuu mchanga wala kukaa ameegemeana na mjamzito. Kesho yake ampakate apendavyo.